Zamu za Kipanya

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Mkuu kaja karakanani leo. Mwenyewe, kwa miguu yake, hakutuma mtu. Kaagiza nembo mia mbili na arobaini. Shule inatimiza miaka ishirini na mitano, sherehe ni Jumamosi ya tarehe 15, na kila mtoto atapita mbele ya wageni na sweta jipya lenye korongo kifuani. Korongo huyo kasimama kwa mguu mmoja, na kwa mguu wa pili kashika kalamu. Ni wangu. Nilimchora mimi miaka kumi na miwili iliyopita, na hadi leo sijaona ndege mwenye akili usoni kama yule.

Halafu akasema jambo ambalo nimemsimulia mke wangu mara tatu wakati wa chakula. Mstari wa mbele kutakuwa na kiti chenye karatasi: Mbunifu wa Nembo. Kiti changu! Nikamjibu kwamba nitaangalia ratiba yangu. Akaondoka. Nikaiangalia. Haina kitu.

Korongo anaishi ndani ya Mkongwe. Mkongwe ni kompyuta yangu. Nilimnunua siku moja na cherehani ya kudarizi, ndugu wa tumbo moja. Zamani alikuwa mweupe, sasa ana rangi ya chai ya maziwa. Anakaa chumba cha ndani, mbali na vumbi la nyuzi, na waya wake unapita kwenye tundu la ukuta hadi kwenye cherehani huku mbele. Tena anaongea Kiswahili. Nilimbadilisha lugha mwenyewe, kazi ya Jumapili nzima, na katika jengo hili hakuna mwingine wa namna hiyo. Kila mteja anayeingia namwonyesha, atake asitake.

Jioni Mkongwe katoa ujumbe. Tafadhali, mfumo huu utaacha kuhudumiwa tarehe 14. Mfumo mpya uko tayari. Ungependa kuuweka sasa? Chini vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Nikabonyeza Baadaye. Mimi ndiye huwapa watu tarehe. Sijazoea kupewa.

Jumanne, 4 Machi

Ujumbe mara nne kabla ya saa sita. Lakini nimepata dawa yake. Kama huduma inaisha tarehe 14 ya mwaka huu, basi Mkongwe asifike mwaka huu. Nimemrudisha tarehe nyuma miaka kumi na miwili, hadi wiki niliyomnunua. Ujumbe ukatoweka palepale. Kampuni nzima ya huo mfumo, na majengo yake ya vioo, nimeipiga chenga kwa vidole viwili. Nilitembea karakanani mikono nyuma, nikicheka peke yangu.

Saa nane programu ya kudarizi ikagoma kufunguka. Inadai leseni yake bado haijaanza. Saa tisa Mwalimu Mkuu kapiga simu. Hati ya makubaliano niliyomtumia ina tarehe ya mwaka ambao yeye alikuwa bado mwalimu wa michezo. Anauliza kulikoni. Nikamwambia ni namna yetu ya kuienzi historia ya shule. Kasema sawa.

Nimerudisha tarehe. Ujumbe nao umerudi, umekaa palepale kama mgeni aliyetoka tu kunawa mikono.

Jambo jingine. Mama mkwe kapata miwani yake leo. Yuko kwetu wiki ya pili kwa ajili ya macho. Miaka sita hakuweza kusoma hata jina kwenye chupa ya dawa. Sasa anasoma kila kitu, kwa sauti: sabuni, kiberiti, gunia, kalenda ya mwaka juzi. Furaha yake inapendeza. Nimesomewa maelekezo ya dawa ya mende tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nakula.

Jumatano, 5 Machi

Fikra mpya, bora zaidi. Nimechomoa waya wa mtandao. Mfumo mpya utapita wapi? Nikauzungusha ule waya, nikaufungia kabatini, ufunguo mfukoni.

Bi Sindano kashuka kuazima mkasi. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka mitatu, nilimfundisha hata kutunga uzi. Kisha akafungua karakana yake ghorofani, juu ya kichwa changu kabisa, na cherehani yenye vichwa vinne inayodarizi nembo nne kwa mpigo. Nikikaa kimya naisikia. Ndiyo maana huwa sikai kimya.

Katupia jicho skrini, kasema waya nimechomoa bure. Mfumo mpya ulikwisha kushuka zamani, umo ndani ya Mkongwe, unangoja nafasi tu. Kompyuta ikikaa dakika kumi bila kuguswa, unajiweka wenyewe. Na kitufe cha Zima nisikiguse, maana sasa kimeandikwa Sasisha na Uzime. Nikatazama. Kweli kimeandikwa hivyo. Watu wamenibadilishia kitufe ndani ya nyumba yangu! Nikasema basi nitamng'oa Mkongwe kwenye umeme. Kanikumbusha kwamba mara ya mwisho umeme ulipokatika ghafla, Mkongwe alizimia siku tatu. Anakumbuka mambo mengi, huyu.

Na kubwa kuliko yote: programu yangu ya kudarizi haitafunguka kwenye mfumo mpya. Ya kwake ilikufa hivyohivyo mwaka jana, ila yeye alihamisha kazi zake kwanza. Kasema nikihitaji msaada niseme tu, atashuka siku hiyohiyo.

Nikamwambia mkasi aurudishe kabla ya saa kumi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata. Hii sasa ndiyo yenyewe.

Nembo moja inachukua dakika kumi na mbili. Zote, siku sita za kazi. Nikianza leo namaliza Jumatano, halafu fundi wa masweta anazishona vifuani Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi mimi niko kitini. Jioni na saa za kula namlaza Mkongwe, maana kitufe cha Lala hawajakigusa. Hatari imebaki moja. Cherehani inapodarizi, Mkongwe haoni kama ni kazi. Yeye anatambua kipanya tu. Na mimi niko mbele, nabadilisha fremu na kukata nyuzi. Siwezi kuwa pande mbili za ukuta kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mtu akae ndani akisogeze kipanya. Kushoto kidogo, kulia kidogo, mchana kutwa. Ujumbe ukitokea, abonyeze Baadaye. Nimechora ratiba kwa rula na wino wa rangi mbili, nimeibandika mlangoni: ZAMU ZA KIPANYA. Mke wangu asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi. Mama mkwe katikati.

Mke wangu kaisoma, kauliza kwa nini nisimwite tu Bi Sindano ahamishe huyo korongo, yaishe. Nikamwambia askari haulizi maswali. Kasema yeye ni karani wa maabara. Lakini kakaa, na kipanya kakisogeza, ingawa kwa dharau.

Nembo ishirini na tano leo. Korongo anatoka vizuri, mdomo umepinda kidogo kushoto kama kawaida yake. Watu huuliza kwa nini umepinda. Nawajibu kwamba ile ni saini ya fundi. Ukweli nauandika hapa tu: siku ile mkono uliteleza, na sikujua namna ya kuurekebisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe ni hazina. Kakaa zamu yake yote bila kunung'unika, mgongo umenyooka, miwani puani. Nembo arobaini!

Ana tatizo moja dogo. Kila anapobonyeza Baadaye, anaomba radhi. Namsikia kupitia tundu la ukuta akisema baadaye kidogo, mwanangu, utuwie radhi. Mchana kaniuliza huyu anayeuliza ni nani. Nikamweleza ni watu wa Kampuni, wako mbali, wakorofi sana. Kasema yeye hajaona ukorofi. Kila mara anaanza na tafadhali. Kasema humu ndani hajasikia mtu anayeanza na tafadhali tangu afike, isipokuwa kompyuta.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Tumepumzika. Mkongwe kalala. Nembo mia moja kamili ziko ndani ya boksi, nimezihesabu mara mbili, mara ya pili kwa raha tu.

Nimewaandikia Kampuni barua. Nitaituma tarehe 15. Ina neno moja: Mlijaribu.

Tumekutana na Bi Sindano chini ya ngazi, kaniamkia vizuri, kauliza kazi inaendaje. Nikamwambia nembo mia na mfumo mpya sifuri. Kasema hongera, lakini walau nimtoe korongo nakala kwenye flashi, lolote linaweza kutokea. Nikamjibu kwamba nakala hutolewa na watu wenye wasiwasi. Mke wangu kanifinya mkono. Sikuelewa sababu, nikamfinya na mimi.

Alasiri nimetoa kiti uani, nimefanya mazoezi ya kukaa. Mguu juu ya mguu hunifanya nionekane mchovu. Miguu yote chini, mikono juu ya magoti, kidevu juu kidogo. Mama mkwe kauliza kama tumbo linanisumbua.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano na robo. Cherehani imesimama katikati ya shingo ya korongo wa mia moja na kumi na tatu.

Nikaingia ndani. Skrini buluu tupu. Duara linazunguka. Asilimia 41, tafadhali usizime kompyuta. Kiti hakina mtu. Kipanya kimefunikwa kitambaa safi, kisipate vumbi.

Mama mkwe alikuwa uani juu ya mkeka, kanyoosha miguu. Kanieleza kwa utulivu kabisa. Ujumbe ulikuwa umekuja mara ya saba asubuhi hiyohiyo, naye akaona haya. Mtu anakuomba kwa adabu siku nenda siku rudi, unamjibu baadaye, baadaye, kama vile hukulelewa. Kwa hiyo akamjibu Ndiyo. Akaulizwa tena kama anakubali masharti. Aliyasoma yote, nusu saa, huku mkono mmoja ukisogeza kipanya kama nilivyomwagiza, na hakuona neno baya. Mwisho akaulizwa kama tungependa kubaki na mfumo wa zamani pembeni, ili tuweze kuurudia. Akajibu Hapana. Hatupendi kuwasumbua watu. Basi ile kompyuta ikamshukuru, ikamwambia sasa anaweza kupumzika. Akapumzika.

Ningesema nini? Huyu ni mama mkwe. Kanipa binti yake. Nilishika miimo ya mlango kwa mikono miwili, nikamwambia umefanya vyema, mama. Akasema asante, mwanangu, na nisikae sana juani. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikaiuma kofia yangu.

Saa tisa Mkongwe kaamka. Ana picha ya mlima nisioujua. Kila kitu kimehama, hata saa iko kona nyingine. Nikabonyeza programu ya kudarizi. Jibu: Programu hii haitumiki tena. Samahani.

Korongo yumo ndani, jina lake naliona. Hafunguki. Nembo mia moja na kumi na mbili ninazo. Mia moja na ishirini na nane sina.

Jumanne, 11 Machi

Sijakata tamaa. Wanaume wa ukoo wetu hatukati tamaa, huwa tunachelewa tu.

Kwanza nimewapigia waliotengeneza programu ya kudarizi. Namba yao siku hizi ni ya duka la magodoro. Watu wema. Waliniuliza futi ngapi.

Pili nimedarizi kwa mkono, kama mafundi wa zamani. Saa tatu nzima, nembo moja. Nikampelekea mke wangu bila kusema neno, nione uso wake. Kauliza huyu kuku anafanya nini na kijiko.

Tatu nimempigia Mwalimu Mkuu. Nikamshauri kwamba watoto wakipita wawili wawili, wamebanana, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, gwaride litapendeza zaidi. Tena nembo moja kwa kila watoto wawili ingefundisha umoja. Kaniuliza moja kwa moja kama kuna tatizo. Watoto wamekwisha kupimwa masweta, wazazi wamekwisha kualikwa, mtoto mmoja asiye na nembo ataonekana hata kutoka barabarani. Nikamwambia hakuna tatizo lolote. Nilitumia sauti nzito, na kwa muda mfupi hata mimi niliamini.

Halafu nikakaa mbele ya cherehani iliyozimwa. Kwa mara ya kwanza nikaisikia vizuri ile ya juu, vichwa vinne vikienda kwa pamoja. Naandika mara moja na sitarudia: leo nimeogopa. Siwazii kiti tu. Miaka kumi na miwili watoto wa shule ile wamevaa kitu changu kifuani, na mwaka huu nusu yao watapita vifua vitupu kwa sababu yangu.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kamweleza mama yake kila kitu. Sikumtuma. Mama mkwe kainuka. Kavaa viatu, kachukua miwani, kapanda ghorofani. Nilisikia hatua zake, ngazi moja, pumziko, ngazi moja, pumziko.

Karudi na habari. Bi Sindano anaye korongo wangu. Kumbe nilimpa mwenyewe, wiki ya kwanza ya mafunzo, kwenye flashi. Nilimwagiza amtazame kila siku ili ajue kazi ya fundi inafananaje. Kamtunza miaka yote. Alipobadilisha mfumo mwaka jana alimhamisha naye pamoja na kazi zake. Nembo zilizobaki zote anaweza kuzitoa kwa siku moja.

Ila ana sharti. Fundi mwenyewe apande aseme tafadhali. Mama mkwe kasisitiza kwamba Bi Sindano hakulisema kwa jeuri. Kasema tu kwamba miaka mitatu alikuwa kwangu na miaka minane yuko juu yangu, na neno hilo hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Angependa kulisikia mara moja.

Mtego huo niliuona mara moja. Nikamwasha Mkongwe, nikachapa waraka: HATI YA RUHUSA. Karakana ya ghorofani inaruhusiwa kushiriki katika kazi ya Karakana Kuu. Muhuri, sahihi, mstari mwekundu chini. Nikiri kwamba kwa uchapaji mfumo mpya si mbaya. Nikampa mke wangu aupeleke.

Umerudi ndani ya dakika tano. Pembeni pameandikwa kwa penseli, mwandiko mzuri niliomfundisha mimi: Kuna neno limesahaulika.

Nikamwomba mama mkwe anisemee, kwa kuwa yeye ni mkubwa na neno lake lina uzito. Kasema la kwake amekwisha kulisema. Kila mtu na la kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Ngazi ni kumi na tisa. Sikuwahi kuzihesabu, kwa sababu sikuwahi kuzipanda. Ya kumi na mbili nikasimama kukagua ukuta. Una ufa. Nikaukagua vya kutosha.

Bi Sindano alikuwa anatunga uzi. Kanipa kiti. Nikasema chumba kina mwanga. Kasema ndiyo. Nikasema dirisha lake ni kubwa kuliko langu. Kasema ndiyo. Nikasema nyuzi kazipanga vizuri, kwa rangi, kama nilivyomfundisha. Kasema ndiyo, kama ulivyonifundisha. Hakunisaidia hata kidogo.

Basi nikalisema. Tafadhali. Nililisema nikitazama soketi ya umeme, lakini nililisema, na lilisikika.

Kasema karibu, mwalimu. Hakuwa ameniita mwalimu tangu alipohama.

Kamfungua korongo kwenye skrini yake. Palepale programu ikatoa onyo: mishono ya mdomo ina kosa, irekebishwe? Kidole chake hakikusita. Hapana. Nikauliza kwa nini asikubali. Kanishangaa. Kasema nilimwambia mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kwamba ile ni saini ya fundi. Saini ya mwalimu wake hawezi kuifuta yeye.

Hapo ningemwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaufunga. Nikasimama dirishani muda mrefu, nikipangusa macho, nikasema kwamba nyuzi zake zina vumbi jingi.

Raundi thelathini na mbili, nembo nne kila raundi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni nimebadilisha fremu na kukata nyuzi, yeye akisema hii, sasa hii, vuta. Mimi, nikipokea amri! Tena kwa makini. Tulipomaliza, kabla fundi wa masweta hajaja kuzichukua, tuliziweka juu ya meza, zake pamoja na zangu. Nilitafuta tofauti ili nimwonyeshe. Sikuipata.

Jumamosi, 15 Machi

Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha harusi, ambako sikukaa mbele peke yangu.

Hata leo sikuwa peke yangu. Viti vilikuwa viwili. Kimoja Mbunifu wa Nembo, cha pili Fundi wa Nembo, na juu ya cha pili kakaa Bi Sindano na kitambaa kipya kichwani. Kuna mtu alimpigia Mwalimu Mkuu. Mke wangu alikuwa anatazama mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Nilitaka kukasirika. Halafu watoto wakatokea. Mia mbili na arobaini, mstari kwa mstari, na kila kifua kina korongo, na kila korongo mdomo kushoto, wote upande mmoja, kama vile wote wamesikia kitu kilekile. Kifua changu kilijaa. Nilisahau kidevu, nilisahau mikono, nililia waziwazi mbele ya wazazi na maafisa. Nilijivuna, na najivuna bado ninapoandika hapa. Mtoto mmoja mdogo alikuwa anatembea huku kaishika nembo yake kwa kiganja, isianguke.

Nilipewa dakika mbili za kusema neno. Nilitumia kumi na tisa. Nilieleza namna nilivyoishinda Kampuni hatua kwa hatua, na mwishoni nikamshukuru jirani wa ghorofani aliyesaidia kubadilisha fremu. Bi Sindano alicheka hadi akavua miwani ya jua kufuta macho. Mke wangu hakucheka. Mama mkwe alikuwa anamsomea mzazi wa pembeni ratiba yote ya sherehe, hadi jina la kiwanda cha karatasi.

Barua ya Kampuni nimeituma.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Sindano kashuka asubuhi na programu mpya ya kudarizi kwenye flashi. Kasema nusu saa tu, kazi zangu zote za zamani zitafunguka, hata korongo. Niseme tu ndiyo. Nikamwambia baadaye.

Nina jambo zito zaidi. Simu yangu imetoa ujumbe. Tafadhali, mfumo wa simu hii utaacha kuhudumiwa mwisho wa mwezi. Mfumo mpya uko tayari. Kumbe barua yangu imewauma. Ndani ya simu hii kuna namba za wateja wangu wote, na picha arobaini za kiti changu, kutoka pande zote. Hazina nakala. Nakala ni za watu wenye wasiwasi.

Lakini sasa mimi si mgeni wa vita hivi. Nimechora ratiba, rangi tatu safari hii: ZAMU ZA SIMU. Mtu akae nayo, aguse kioo kila dakika chache, ujumbe ukitokea abonyeze Baadaye. Mke wangu kakataa kabla hajamaliza kusoma kichwa cha habari. Amebaki mama mkwe, na ndiye mwenye uzoefu.

Kasoro moja. Mama mkwe anataka kurudi kwake kesho. Macho yamepona, begi liko mlangoni. Namhitaji mwezi mmoja zaidi. Mke wangu kasema nimwombe tu vizuri, ni neno moja, nalijua. Nalijua. Lakini nimelitumia Alhamisi, na mtu hapaswi kufuja.

Kwa hiyo naandika HATI YA RUHUSA. Mama mkwe anaruhusiwa kuendelea kukaa. Muhuri tayari, sahihi tayari, mstari mwekundu nausubiri ukauke. Nikimaliza nitampelekea. Wakati huohuo nimemwachia simu aanze zamu ya kwanza, maana adui halali.

Namsikia kupitia tundu la ukuta. Simu imelia kidogo. Anausoma ujumbe kwa sauti, neno moja moja, bila haraka, miwani puani. Kamaliza swali. Nasikia kidole kikigonga kioo. Sasa anamshukuru mtu, anamwita mwanangu.

Kampuni hawajui nimewawekea nani.